Tyusheni ya Historia ya jioni, Lindi mjini: nimelipa mwezi wa nne

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho, na kidato cha sita nasoma kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tyusheni niliyoipata iko chumba cha nyuma cha duka moja la steshenari: Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku, shilingi 15,000 kwa mwezi.

Kwanza kilichoniudhi. Vitini ni kopi ya kopi. Kwenye ukurasa wa Locke, mwanafalsafa Mwingereza, nilisoma "uhai, uhuru na ma", basi, wino umelimeza neno mali. Umeme ukikatika tunamulika kwa simu.

Ila mwalimu anajua kazi yake. Hobbes, Mwingereza mwenzake Locke, hakutukaririsha ule mwaka 1651 wa kitabu chake Leviathan tu. Alitueleza kuwa Uingereza ilikuwa imetoka kupigana yenyewe kwa yenyewe, mfalme kakatwa kichwa 1649, na mtu aliyeyaona hayo ataona heri mtawala mmoja mwenye nguvu zote. Kisha akanigeukia.

"Dada, mkulima akileta korosho ghalani unampa nini?"

"Stakabadhi."

"Zimeshakuwa zako?"

"Hapana, zake mpaka ziuzwe mnadani."

"Na viongozi wakizila?"

"Mkutano mkuu unawatoa."

Akaandika ubaoni: Locke, mamlaka ni amana. Misimu minne nagonga mihuri na sikuwahi kuliona hilo. Siku hizi mkulima asiyejua kusoma namsomea kilo zake kwa sauti kabla sijagonga.

Rousseau, mwanafalsafa aliyeandika kwa Kifaransa, alikula jioni mbili. Kitabu chake cha mkataba wa jamii kilitoka 1762, na Geneva, mji aliozaliwa, ukakichoma moto. Humo anasema utumwa na haki ni maneno yanayopingana. Hapo mzee mmoja wa Kilwa, mvuvi, akanyoosha mkono: mbona Wafaransa hao hao walikuja kwetu kununua watu?

Mwalimu akafuta ubao wote. Kushoto akaandika 4 Julai 1776, Marekani, watu wote wameumbwa sawa. Kulia, 14 Septemba 1776, Kilwa: mkataba wa Morice, Mfaransa mfanyabiashara ya watumwa, na sultani, watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 (sarafu za fedha za wakati huo) kwa kila mtu, na sultani apewe zawadi ya piastre 2 juu ya kila kichwa. Rousseau alikuwa bado hai. Tulinyamaza, mpaka nikasikia pangaboi. Mzee akasema, "Wale elfu moja hakuna aliyewauliza." Nimesoma shule tatu katika mkoa huu, na mkataba wa Kilwa nimeujulia kwenye benchi lisilo na egemeo.

Nawadai jambo moja. Wanawake walipewa dakika kumi: Olympe de Gouges aliyeandika tamko la haki za mwanamke 1791 akauawa kwa gilotini 1793, Mary Wollstonecraft na kitabu chake cha kutetea haki za wanawake 1792, tukafunga madaftari. Nusu ya darasa ni sisi, wengine tumetoka kuuza ming'oko, wengine tumewaacha watoto kwa bibi zao. Nilimfuata mwalimu mlangoni nikamwambia. Amenipa Alhamisi ijayo nianze mimi, saa nzima.

Anayetaka kuja awahi, mabenchi ya mbele hujaa mapema, na kitini cha Locke aje akinakili kwangu, nimeshayajaza kwa kalamu maneno yaliyofutika.