Blackmagic Pocket 4K kwa mtengeneza filamu anayeanza: picha ya sinema, na gharama zinazoifuata

Kijana anayetengeneza filamu zake bila kampuni nyuma yake hununua kamera moja na kuishi nayo miaka. Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K ilitangazwa Aprili 2018 kwa dola 1,295, na mpaka leo, hasa ukiipata iliyokwisha kutumika, ni vigumu kupata nyingine inayotoa picha ya namna hii kwa fedha hiyo. Ila usiende dukani na bei ya bodi, yaani kamera tupu bila lenzi, peke yake mfukoni. Lenzi, umeme, hifadhi na vichujio vinaweza kumaliza kiasi kingine kama hicho.

Tuanze na picha, maana ndiyo inayoibeba. Inarekodi 4096 kwa 2160 hadi fremu 60 kwa sekunde, katika ProRes au Blackmagic RAW (aina mbili za faili za video zenye ubora wa juu), na ina ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kuhisi mwanga, mbili za asili, 400 na 3200. Hapa ndipo wengi wanapoipotezea kamera hii ubora wake. Kuanzia ISO 100 hadi 1000 inatumia mfumo wa kwanza wa kukuza mwanga. Ukifika 1250 inahamia wa pili. Kwa hiyo kwenye chumba cha taa moja, 1250 ina chenga (vidoadoa vya gizani) chache kuliko 1000. Ubaya wake ni kwamba ukiwa kwenye 1250, dirisha lililo nyuma ya mwigizaji linaungua mapema, yaani linageuka jeupe tupu. Mchana nje baki 400, usiku ruka moja kwa moja hadi 1250 au zaidi.

Kwenye menyu kuna False Color, inayopaka picha rangi kulingana na mwanga ulioingia. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuelekeza upeleke uso kwenye waridi. Waridi ni ya ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi inakaa vizuri kwenye kijani. Ukimpeleka mwigizaji mweusi kwenye waridi anatoka amepauka, na paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta. Ukifuata kijani, weusi wa ngozi unabaki na kina chake.

Kamera haina ND, kichujio cha kupunguza mwanga, ndani. Kwa jua la saa sita, ISO 400, shata ya digrii 180 (inayofunguka nusu ya muda wa kila fremu) na lenzi iliyofunguliwa hadi f/2.8, unahitaji kupunguza mwanga kama stopu 8, na kila stopu ni nusu ya mwanga. ND ya bei rahisi inazuia mwanga unaoonekana na kuuachia wa infraredi upite, na sensa, kipande cha kamera kinachopokea mwanga, inauona. Buibui jeusi linatoka la kahawia iliyoingiwa na wekundu, huku kanzu nyeupe iliyo pembeni yake ikiwa sawa kabisa. Kuurekebisha wekundu huo kwenye uhariri ni kazi ya kuudhi, kwa sababu ukiuondoa kwenye nguo unauondoa na usoni. Nunua ND iliyotengenezwa kuzuia infraredi pia. Moja nzuri yenye pete za kuivalisha kwenye lenzi tofauti inatosha.

Taa za kwetu zinaendeshwa na umeme wa hezi 50, kwa hiyo shuti fremu 25 na shata digrii 180. Ukilazimika kutumia fremu 24, weka shata digrii 172.8. Usipofanya hivyo, tyubu na LED nyingi zitapitisha mistari kwenye ukuta, na hakuna programu itakayoifuta vizuri.

Sasa umeme wa kamera yenyewe. Inatumia betri ya Canon LP-E6, na moja haifikishi saa nzima ya kazi. Betri za kuiga ni hatari zaidi: skrini inasema asilimia 40, kisha kamera inazimika katikati ya teki. Suluhisho ni betri kubwa ya nje aina ya V-mount kupitia tundu la volti 12 hadi 20 lililoko ubavuni, lenye plagi ya pini mbili inayofungwa kwa kukazwa. Beba LP-E6 mbili halisi kama akiba, basi.

Upande wa hifadhi, SSD ya USB-C ni rahisi kuliko kadi za CFast kwa kila gigabaiti. Blackmagic RAW ya 12:1 (namba ya kwanza ikiwa kubwa, faili limebanwa zaidi) kwa fremu 25 inakula karibu GB 1.7 kwa dakika, yaani SSD ya GB 500 inakupa kama saa 5. Ya 5:1 inakula karibu GB 4, na diski hiyohiyo inakwisha kwa saa 2. Kwa filamu fupi ya mazungumzo 12:1 inatosha. 5:1 iwekee picha zenye majani mengi, maji au vumbi. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kebo. Ikicheza kidogo, kurekodi kunakatika. Fungia SSD na kebo kwenye keji, kiunzi cha chuma kinachoizunguka kamera, na washa chaguo la kusimamisha kurekodi fremu zikipotea, ujue palepale na si usiku ukiwa unahamisha mafaili.

Sauti ina tundu moja la mini XLR lenye volti 48 kwa maiki zinazohitaji umeme. Linafaa.

Kwa kazi za kulipia kodi ya nyumba, hatuishauri. Haina fokasi inayofuata mtu, haina kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, na skrini yake ya inchi 5 haikunjuki wala haigeuki. Bibi harusi anayeingia ukumbini hasubiri uzungushe fokasi kwa mkono. Mwenye kuishi kwa harusi abaki na kamera yake ya kawaida, na hii aikodi kwa siku za filamu.

Ukinunua iliyotumika, uliza kwanza msimbo wa DaVinci Resolve Studio, programu ya kuhariri video, kwa sababu kamera mpya ilikuja nao na peke yake programu hiyo ni dola 295. Funika lenzi, panda hadi ISO 3200 na tafuta vidoa vyeupe visivyosogea. Vikiwepo, endesha Pixel Remap kwenye menyu uone kama vinaondoka. Kisha chomeka SSD, rekodi dakika 10, na uitikise kebo taratibu pale kwenye tundu. Kurekodi kukikatika na kebo ni nzima, tundu limelegea, rudisha kamera.