Geji ya kompresheni kwenye Hilux ya zamani inayomisi: uzoefu wangu

Kama una pikapu ya zamani na injini inamisi, yaani silinda mojawapo haichomi sawasawa, tafuta geji ya kompresheni, kile kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kabla ya kununua spea yoyote. Gereji moja hapa Dodoma ilinibadilishia plagi, waya za plagi na kifuniko cha distributa (kigawa moto wa plagi), na gari ikaendelea kutetemeka vilevile kwenye sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kisha wakaja na ushauri mpya: "Bosi, injini imechoka, tuishushe tufanye oveholi." Nikauliza wamepima nini mpaka wakajua imechoka. Jibu sikupata. Iliniuma, maana gari hii ndiyo inayobeba mahindi ya Kibaigwa, na hela ya oveholi si ya kuokota.

Injini yangu ni 22R ya Toyota, silinda 4, ya kabureta. Wenye magari mapya wanachomeka kompyuta, inawaandikia kodi ya hitilafu P0303, wanajua silinda ya 3 ndiyo mgonjwa. Hili langu halina hata tundu la kuchomekea. Nikaenda kwa fundi mwingine, mtaa wa Kizota hapa hapa Dodoma, kijana mtulivu asiyekimbilia spana. Aliacha injini inaunguruma, akachukua koleo yenye mpira, akawa anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja na kuurudisha upesi. Silinda isiyo na ugonjwa ukiikatia moto, injini inazidi kuyumba. Alipofika ya 3, haikubadilika chochote. Akahamishia pale plagi na waya wa silinda ya 2. Misi ikabaki palepale kwenye ya 3. Moto ukawa umeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Kabureta nayo inalisha silinda zote 4, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kuinyima moja tu.

Hapo ndipo geji ilipoingia kazini. Niliyonunua ni ya kufunga kwa uzi kwenye tundu la plagi, si ile ya kugandamiza kwa mkono yenye pua ya mpira. Ya kugandamiza inataka mtu wa pili apige stata, na ukilegeza kidogo tu pumzi inatoka na namba inadanganya. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya zile waya na kifuniko nilivyobadilishiwa bila faida.

Tulipima injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, moto wa koili umekatwa, betri imejaa, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Stata ikazungushwa mpaka mshale ukaacha kupanda. Silinda ya 1 ilitoa psi (kipimo cha presha) 148, ya 2 ikatoa 145, ya 4 ikatoa 146. Ya 3 mshale ulipanda kwa kusuasua, ukagota 85.

Kitabu cha injini hii kinasema 171 ikiwa nzima, isishuke chini ya 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Msishtuke mkikosa 171 hapa kwetu. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji lazima isome chini kuliko ingesoma Dar. Kwa hiyo mimi natazama zaidi tofauti, na tofauti ya 60 haina utetezi.

Fundi akamimina kijiko cha chai cha oili kwenye silinda ya 3, akapima tena. Kama ringi za pistoni zimekwisha, oili inaziba na namba inapanda sana. Ilipanda kidogo mno, kwa hiyo ringi hazikuwa na kosa, mshukiwa mkuu akawa valvu. Akafungua kifuniko cha juu na kupitisha fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, kwenye tapeti zinazosukuma valvu. Valvu ya eksozi inatakiwa kuwa na nafasi ya milimita 0.30 injini ikiwa ya moto. Ya silinda ya 3 fila haikupita kabisa. Nafasi haikuwepo, kwa hiyo valvu ilikuwa haifungi! Aliporekebisha, geji ikasoma 134 na ule mtetemeko ukaisha. Ameniambia wazi kwamba kiti cha valvu kimeshaanza kuungua, iko siku itabidi kufungua silinda hedi na kusaga valvu. Hilo nalikubali, kwa sababu safari hii nimeona mwenyewe namba.

Kasoro za geji zipo. Haina sanduku, na vumbi letu linaingia kwenye uzi, ifuteni kabla ya kufunga. Pete yake ndogo ya mpira inadondoka kirahisi, na bila hiyo pumzi inavuja. Ifungeni kwa vidole tu, spana itakula uzi wa silinda hedi. Kabla ya kulipa, hakikisheni kwenye seti kuna kichwa cha milimita 14, ndicho kinachoingia kwenye 22R.