Odoo kwa maduka yetu ya Zanzibar: tizameni vipimo kwanza

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Leo ni Odoo, programu ya kuendeshea biashara, na nakwambieni mapema kuwa mie nimeipenda, tena kwa jambo ambalo wengi hawaligusi. Kuuza, kutoa risiti, kuonyesha mauzo ya siku, hayo mnayajua, kila programu ya duka inafanya. Tuyaruke.

Vipimo! Mwenye duka Mwanakwerekwe ananunua mchele kwa polo la kilo 50. Anauza vipi? Kilo, nusu, robo. Mayai yanakuja kwa trei ya 30, mteja anataka mawili. Programu niliyokuwa nikiitumia zamani, siitaji jina, ilitaka polo liwe bidhaa moja na kilo iwe bidhaa nyengine. Ukifungua polo, ulipunguze mwenyewe kule, uongeze huku. Ukisahau mara moja tu, kompyuta inasema una mapolo matatu, ukenda stoo unakuta mawili, na unaanza kumshuku kijana wa watu bure. Hili linaniudhi kweli, maana linavunja imani baina ya watu wanaokula pamoja.

Sasa tizameni kioo. Kipimo cha mchele naweka kilo. Kwenye manunuzi naandika polo, na polo moja ni kilo 50. Napokea mapolo 4. Haya, stoo inasema ngapi? Kilo 200. Nauza kilo 2 na robo... 197.75. Umeona? Na vipimo unaweza kutunga mwenyewe. Nimeandika kibaba, nimeandika pishi, pishi moja vibaba vinne, na imekubali! Programu ya Wabelgiji inahesabu choroko kwa pishi, wallahi nimefurahi.

Ila sikilizeni vizuri: kipimo cha bidhaa kiwe kile kidogo unachouzia, na ukichague kabla hujaanza. Bidhaa ikishaingia na kutoka stoo, kukibadilisha ni tabu.

Hesabu ya stoo ikikaa sawa, ndipo mengine yanapofaa. Unaweka kiwango, unga ukishuka chini yake, inakupendekezea kuagiza. Usiige kiwango cha mtu wa Kariakoo. Sisi mzigo wetu unapita baharini, na kusi ikikaza unaweza kuchelewa. Weka juu kidogo.

Najua mtaniuliza Loyverse, programu nyengine ya kuuzia. Ni nyepesi, unaianza kwa simu leo leo, na ile ya msingi ni bure. Ukiwa na meza ya juisi ya miwa Forodhani, chukua hiyo, Odoo itakuchosha. Na aliyeuliza SAP kwenye maoni: hiyo ni programu ya Wajerumani, ipo tangu 1972, inafaa zaidi kampuni kubwa. Kwa duka la Darajani, hapana.

Bei sasa. Odoo ya mtandaoni imegawika programu ndogo ndogo ndani yake, na ile ya kwanza unayoichagua ni bure. Ukitaka kuunganisha mauzo, uhasibu na mengineyo, unalipa kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Hapa sikufurahi, kwa sababu maduka yetu mengi yanaendeshwa na familia nzima: baba, mama, mtoto wa shangazi. Lipo toleo la Community, la bure, lakini linataka kompyuta yako na fundi wa kuliweka. Nilikuja hapa nimeshaandika kuwa ni ghali. Nikifikiria mzigo unaopotea dukani bila ya mtu kujua, neno hilo nalirudisha, angalau kwa duka la jumla.

Intaneti ikikatika katikati ya mauzo, unaendelea kuuza, na ikirudi mauzo yanaingia mtandaoni yenyewe. Usiufunge tu ukurasa wa mauzo!

Na kodi. VAT ya huku ni 15%, si 18% ya bara, kwa hivyo hakikisheni imewekwa sawa. Risiti ya Odoo peke yake si risiti ya kodi. Ile ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, inatoka kwenye mfumo wao, kawaulizeni kabla ya kumlipa fundi yeyote.

Inshaallah video ijayo naifanyia Chake Chake, kwa wauza jumla wenyewe. Waliojisajili karibuni, ahsanteni sana. Ambao bado, bonyezeni hapo chini na kengele. Na niandikieni kwenye maoni mnauzia kipimo gani: fungu, kopo, dazeni, chochote. Nitaviingiza kimoja kimoja tuone kipi kitakataa.