TAHADHARI: Aiskrimu ya "ladha za kipekee" iliyochakachuliwa, hatari kwa wenye mzio

Ndugu zangu, hasa mnaolea watoto wenye mzio wa karanga, lozi na jamii zake, someni hii kabla hamjaingia kwenye duka lolote la aiskrimu linalojisifia ladha msizowahi kuzisikia.

Mimi hutengeneza aiskrimu nyumbani na naipenda kazi hii. Niliposikia kuna duka linatengeneza kila kitu kwa mkono, ladha zaidi ya 40, sikukawia. Nilikwenda na dada yangu na mwanawe wa miaka saba. Ubao wao ulivutia kweli: zafarani na waridi, mafuta ya zeituni na chumvi, jibini na asali, pistachio (kokwa za kijani), mpaka aiskrimu nyeusi ya mkaa. Ladha za ajabu si kosa. Kule Mérida, Venezuela, Heladería Coromoto iliingia kwenye rekodi za Guinness kwa wingi wa ladha, zikiwemo za kitunguu saumu na samaki. Kosa ni kumficha mtu anachokula.

Dada alimuuliza mwuzaji: "Hii ya zafarani ina karanga, lozi au pistachio? Mwanangu ana mzio." Akajibiwa bila hata kufikiri, "Haina kabisa dada, iko salama." Kijiko alichokishika alikuwa ametoka kuchotea pistachio. Akakichovya kwenye kikopo cha maji, maji yenyewe yameshakuwa na ukungu wa rangi kumi, kisha akakizamisha kwenye zafarani. Nikaona mchirizi wa kijani umebaki pembeni ya ile aiskrimu ya njano. Mtoto alikuwa ameshanyoosha mkono. Dada alimnyang'anya kikombe kikiwa karibu na mdomo.

Kwa asiyejua: chembe ndogo tu inaweza kutosha kumziba mtoto wa namna hii koo ndani ya dakika chache. Ubaridi hauiondolei karanga sumu yake kwa mwenye mzio, na kuchovya kijiko kwenye maji machafu si kukiosha. Tukaomba tuonyeshwe orodha ya viungo. "Hiyo ni siri ya duka." Msimamizi akaja, badala ya jibu akatupatia kikombe kingine cha bure. Tulikataa.

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia vizuri tulichouziwa, na nawaambia tuliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Pistachio yao ilikuwa kijani cha kung'aa kama rangi ya ukuta. Pistachio halisi ikisagwa hutoa kijani kilichofifia, kinachoelekea kahawia. Na harufu ilikuwa ya arki ya lozi, ambayo ndiyo njia ya mkato ya zamani ya kuigiza pistachio kwa gharama ndogo. Zafarani nayo hakuna hata uzi mmoja ulioonekana, wala ule uchungu mwembamba wake. Gramu moja ya zafarani hutoka kwenye maua kama 150, kila ua nyuzi tatu, zinachumwa kwa mkono. Ndiyo maana anayeiuza kwa kweli huwa hana haja ya kuificha. Pale palikuwa na rangi ya njano, arki ya waridi na sukari nyingi. Nilionja nne tofauti na chini yake zote zilikuwa kitu kimoja: aiskrimu ileile nyeupe ya ndoo, iliyotiwa matone ya chupa.

Halafu uzito. Kikombe kimejaa lakini mkononi ni kama unyoya. Aiskrimu yoyote ina hewa, bila hewa ingekuwa jiwe, ila za kiwandani zinaweza kujazwa hewa mpaka ikawa nusu ya ujazo. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka lita moja isipungue takribani gramu 540 na mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 10. Ya mkono kwa kawaida huwa nzito zaidi ya hapo. Yetu tuliiacha mezani, ikabaki imesimama kama povu la sabuni. Ndani yake mlikuwa na vipande vya barafu vinavyokatika menoni, dalili kwamba iliyeyuka ikagandishwa tena. Hilo si suala la ladha peke yake. Bakteria wa Listeria hawafi kwenye friza, na mwaka 2015 aiskrimu iliyoingiwa nao ilihusishwa na vifo vya watu 3 huko Marekani. Wajawazito, tafadhali, mkiona barafu ya namna hiyo acheni.

Ile nyeusi wanaiuza kwa maneno kwamba "inasafisha mwili". Mkaa wa aina hiyo hospitalini hupewa mtu aliyekunywa sumu kwa sababu hunasa vitu tumboni, na hauchagui: unaweza kunasa na dawa zako, vidonge vya uzazi wa mpango vikiwemo. Hapakuwa na onyo hata la mstari mmoja.

Jina la duka silitaji, malalamiko yako kwa wakaguzi wa chakula na nawaachia kazi yao. Ninyi shikeni hizo dalili, maana mchezo huu unaweza kuchezwa popote.

Mkiwa na mwenye mzio, ombeni chombo kipya kifunguliwe na kijiko kioshwe kwa sabuni mbele yenu. Mwuzaji akianza kununa, ondokeni. Na mtoto akishaonja akaanza kuvimba midomo, kukohoa au kukwama pumzi, msingoje ipite: kama ana sindano yake ya adrenalini mchomeni pajani palepale, kisha hospitali. Dada yangu alikuwa nayo kwenye mkoba siku ile. Haikutumika, lakini aliishika mkononi njia nzima mpaka tukafika nyumbani.