VX 100 inavuja mafuta ya AHC: uzoefu wangu kabla hujakubali kung'olewa mfumo

Wenye Land Cruiser VX 100 zenye AHC (Active Height Control, suspensheni inayotumia presha ya mafuta), hizi za kubonyeza swichi gari inapanda au inashuka, mnajua ikianza kuvuja kinachofuata. Unapeleka gereji, fundi anachungulia chini kidogo tu anakwambia "bosi hii tutoe yote tukufungie springi na shokapu za kawaida, achana na mambo ya umeme". Gereji ya kwanza waliniambia hivyohivyo na hesabu wakanipigia palepale. Nikagoma, maana raha yote ya hii gari kwenye rafu rodi ni hiyo AHC, ukiitoa mi naona bora ningenunua Prado.

Dalili zangu: asubuhi gari imelala nyuma, ukiwasha pampu inaunguruma weee ndo inyanyuke, tenki la mafuta ya AHC kila ukicheki limeshuka, halafu taa ya OFF ya AHC ikaanza kuwaka na kuzima kwenye dashi.

Fundi wa pili ni dogo tu lakini kichwa kimetulia. Hakufungua kitu. Aliosha chesi yote ya nyuma kwa petroli, akapuliza upepo ikakauka, akaniambia mi nibonyeze HI (ya kupandisha gari juu) yeye anamulika tochi kwa pembeni (sio kulala chini ya gari, hii kitu ikishuka ghafla inakubana). Kumbe shokapu zote kavu. Kinachovuja ni bomba jembamba la chuma linalopita kwenye chesi, pale linaposhikwa na klipu, tope limejazana humo miaka yote na kutu imekula kimyakimya. Ukilifuta linatoka tone moja taratibu, ukibonyeza HI linarusha mvuke mwembamba kama pafyumu. Usiweke kidole hapo, presha ya humo ni kubwa sana, mafuta yanaweza kupenya ngozi.

Kuna waliosema wachomelee tu kwa gesi, dogo akakataa. Alilitoa bomba zima tukaenda nalo kwa mafundi wa Gerezani, Dar, likachongwa jipya unene uleule, midomo ikatanuliwa vizuri na nati zikatumika zilezile za Toyota. Kwenye klipu akaweka mpira mpya ili chuma kisisuguane. Kwa kazi hiyo nampa tano kwa tano, na hela aliyochukua haifiki hata robo ya ile hesabu ya kung'oa mfumo.

Sasa mafuta. Dukani wakanishauri niweke ya stering au ATF (ya giaboksi ya otomatiki) eti yote haidroliki, jamani msikubali, na ya breki ndo kabisa hayo yanakula sili. Nimeweka AHC original ya Toyota, namba 08886-01805, kopo la lita 2.5. Bei inauma kweli na sio kila duka wanayo, ila pampu imetulia na gari inapanda bila kusitasita. Ya zamani yalivyotoka yalikuwa meusi, naamini hayajawahi kubadilishwa toka Japani. Kutoa upepo ni tairi moja moja kama breki, lakini ukilegeza nipo (kale kaskrubu ka kutolea upepo) bodi inashuka, kwa hiyo stendi ziwe zimekaa chini ya chesi kabla hujagusa spana.

Kitu cha kucheki kabla hujaingia gharama: weka LO (gari ishuke chini) soma mstari wa mafuta kwenye tenki, peleka HI soma tena. Matufe ya gesi (yana naitrojeni ndani, ndo yanafanya gari iwe laini) yakiwa mazima mafuta yanashuka kama mistari 14, ikishuka 7 au chini ya hapo ujue naitrojeni imeisha, na hapo hata uzibe uvujaji wote gari itaendelea kudunda kama haina suspensheni. Yangu ilishuka mistari 9, kwa hiyo inatembea ila haina maisha marefu, kwenye matuta nasikia nyuma inagonga kidogo nikiwa na mzigo.

Toka tumefunga nimeenda Morogoro na kurudi, chini kukavu na tenki halijapungua. Kama kuna mtu anajua wanapouza matufe mapya Dar au Arusha, sio ya kukatwa kwenye gari la ajali, anitajie bei, nianze na ya nyuma.