Jumapili kati ya Wameru: tathmini ya mkutano wa misheni wa Arusha, 2018

Mkutano wa Dunia wa Misheni na Uinjilisti wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni ulifanyika katika hoteli ya Ngurdoto Mountain Lodge, nje kidogo ya Arusha, tarehe 8 hadi 13 Machi 2018, ukakusanya watu zaidi ya 1,000. Tangu ule wa Achimota, Ghana, ulioanza mwishoni mwa mwaka 1957, mikutano ya mfululizo huo haikuwa imerudi Afrika, na sisi wenyeji tuliungoja kwa shauku. Ibada za ukumbini zilikuwa nzuri. Hata hivyo, ninachotaka kukisifu hapa ni Jumapili ya tarehe 11, siku ambayo washiriki walikwenda kusali katika makanisa ya wenyeji.

Nilifuatana na wageni wanne hadi usharika mmoja wa Kilutheri upande wa Meru. Ilikuwa Kwaresima, madhabahu imefunikwa kitambaa cha zambarau, na mgeni wetu kutoka Ujerumani, aliyehofia kukaa saa tatu bila kuelewa neno lolote, aliutambua mpangilio wa liturgia kabla mchungaji hajamaliza ungamo la dhambi. Haikunishangaza, kwa kuwa injili iliwafikia Wameru kupitia misheni ya Leipzig, na wamisheni wake wawili waliuawa Akeri, si mbali na hoteli ile, mwaka 1896. Alipoisikia liturgia ya kwao ikiimbwa kwa Kiswahili na vitukuu vya watu wa wakati ule, alivua miwani akaishika mkononi hadi wimbo ukaisha.

Kilichowagusa wageni kuliko yote ni mnada wa sadaka baada ya ibada. Mzee wa kanisa alinadi mkungu wa ndizi. Baba mmoja akaununua, akaurudisha mezani unadiwe tena, na mkungu ule ule ukauzwa mara tatu. Mgeni mwingine alinunua mayai, naye akataka kuyarudisha kama alivyoona wenzake wakifanya, lakini mama mmoja wa kwaya akamzuia kwa upole: “Hapana, baba, hayo ni yako, utakula na wenzako.” Kaulimbiu ya mkutano ilihusu kuenenda katika Roho, nami naamini wageni wangu waliielewa pale uwanjani, kwenye matope ya mvua za Machi, vizuri kuliko katika mada yoyote iliyotolewa. Chakula kilikuwa loshoro, mlo wa asili wa huko, na wote wanne waliomba kuongezwa.

Kasoro ninayoiona ni ya tafsiri. Usharika ulikuwa na mtafsiri mmoja tu, na alipochoka, mahubiri ya nusu saa yalifupishwa kuwa sentensi nne au tano. Ni hasara kubwa, kwa sababu mhubiri alizungumzia mashamba na ugawaji wa maji, mambo ambayo wageni wangepaswa kuyasikia kwa ukamilifu.

Kwa hayo yote naipa siku ile nyota nne kati ya tano. Atakayeandaa ziara kama hiyo aweke watafsiri wawili wa kupokezana katika kila kanisa, na asilipangie basi kuondoka kabla ya mnada kwisha.