QuestBridge: mapitio ya mpango wa kumfikisha mtoto wa kipato cha chini katika chuo ghali cha Marekani

Mwaka mmoja wa masomo katika chuo kama Yale au Duke, ukijumlisha ada, malazi na chakula, unapita dola 85,000, na mzazi anayeishi kwa mshahara wa ghalani au wa kiwanda cha nyama akiiona bei hiyo humwambia mwanawe atafute chuo cha karibu. Simlaumu. Hakuna aliyemweleza kwamba bei hiyo haikupangwa kulipwa na familia kama yake, na kwamba vyuo hivyo ghali mara nyingi ndivyo vyenye uwezo wa kumsomesha mtoto wake bure kuliko chuo cha jimbo kilichoko jirani. Watafiti Caroline Hoxby na Christopher Avery walionyesha zaidi ya miaka kumi iliyopita kwamba wanafunzi wengi wa Marekani wenye matokeo ya juu sana, lakini wanaotoka katika familia za kipato cha chini, hawaombi nafasi katika chuo chochote chenye ushindani mkubwa.

QuestBridge, shirika lisilo la kibiashara ambalo mizizi yake ni programu ya likizo iliyoanzishwa Stanford mwaka 1994, hufanya kazi katika pengo hilo. Kuomba ni bure. Mwombaji huwa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na kwa kawaida familia yake ya watu wanne hupata chini ya dola 65,000 kwa mwaka. Fomu hufungwa mwishoni mwa Septemba, majina ya waliofika fainali hutoka Oktoba, na matokeo hutolewa Desemba 1. Aliyefika fainali anaweza kupanga hadi vyuo 15 kwa jinsi anavyovipenda. Chuo cha juu zaidi kwenye orodha yake kitakachomtaka ndicho kinachompa nafasi, pamoja na ufadhili wa miaka minne unaogharimia ada, malazi, chakula, vitabu na nauli, bila mchango wa mzazi. Isipokuwa kwa vyuo vichache kama MIT, matokeo hayo humfunga mwanafunzi, hivyo asiweke kwenye orodha chuo ambacho hayuko tayari kwenda.

Je, nafasi ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2023 waliomba zaidi ya 20,800, wakafika fainali 6,683, na waliopata chuo siku ya Desemba walikuwa 2,242. Huyo ni takribani mmoja kati ya waombaji tisa, na mmoja kati ya watatu waliofika fainali. Mtu asidhani kwamba mlango umelegezwa: wanaofika fainali ni wanafunzi waliokwisha kuchujwa vikali, na uamuzi wa mwisho hubaki mikononi mwa chuo. Utafiti wa Raj Chetty na wenzake, uliotoka mwaka huohuo wa 2023, ulionyesha kuwa mtoto wa asilimia moja ya familia tajiri zaidi ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma katika vyuo hivyo kuliko mtoto wa tabaka la kati mwenye alama zilezile za SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo. QuestBridge haiuondoi upendeleo huo. Inachofanya, na ninakithamini sana, ni kumpa mwanafunzi mahali pa kueleza maisha yake kwa ukamilifu, kwa sababu fomu yake huuliza waziwazi kuhusu majukumu ya nyumbani.

Hapo ndipo watoto wetu, wa familia zilizohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki na Kongo, hupoteza nafasi. Msichana aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambaye humtafsiria mama yake hospitalini na kulea wadogo zake usiku mama akiwa kazini, huandika insha kuhusu klabu ya shule, kwa kuwa tumelelewa kutotangaza shida za nyumbani na kuyaona majukumu hayo kuwa ya kawaida. Ni ya heshima, tena ndiyo yanayomwonyesha msomaji wa fomu kwamba alama zake zilipatikana katika mazingira gani. Wazazi, mpeni mtoto ruhusa ya kuyaandika.

Udhaifu mkubwa ninaouona uko kwenye karatasi za fedha. Baada ya fainali, vyuo vinadai ritani za kodi na fomu za msaada, na vingi vinataka pia taarifa za mzazi asiyeishi na mtoto. Kwa familia ambayo baba alibaki Kongo au hajulikani alipo, hilo ni jambo zito, na maelekezo yote ni ya Kiingereza. Chuo kinaweza kulisamehe sharti hilo kikiombwa kwa maandishi, hasa mshauri wa shule akithibitisha hali ya familia, lakini mtu lazima ajue kwamba inafaa kuomba.

Mwanafunzi anayesoma sekondari ndani ya Marekani anaweza kuomba bila kujali uraia wake, ingawa kila chuo kina taratibu zake kwa wasio raia. Asiye raia wala mkazi wa kudumu, na anayesoma Nairobi au Mwanza, huduma hii haimhusu, kwa hiyo asikubali kumlipa mtu anayedai kumwombea.

Kwa mwanafunzi mwenye alama za juu, naipendekeza bila kusita, hata kwa yule ambaye hatapata chuo Desemba, kwa sababu fomu na insha alizokwisha kuziandaa zinamsaidia kuomba kwa njia ya kawaida, na wengi waliofika fainali hukubaliwa kwa njia hiyo wakiwa na msaada mkubwa. Aliye mwaka mmoja nyuma aanze na programu yao ya maandalizi, ambayo maombi yake hufungwa mwezi Machi, na awaombe walimu wawili barua zao kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya majira ya joto.